Kigimbi kinacheza chenyewe, jicho halitulii: je, mishipa ya fahamu inakufa?

*"Habari daktari. Mimi ni mwanaume, miaka 29, sina ugonjwa wowote ninaoujua. Miezi miwili iliyopita nilianza mazoezi, kukimbia na kunyanyua vyuma. Sasa wiki tatu hizi kigimbi cha mguu wa kulia kinacheza chenyewe, naiona kabisa ngozi inarukaruka kama kuna kitu kinatembea ndani, na kope ya jicho la kushoto nayo inacheza siku nzima. Usiku nimeshaamshwa mara mbili na msuli umekaza, maumivu yake sina hata la kusema. Mchana mguu hauumi, ngazi napanda vizuri tu. Kahawa nakunywa vikombe vinne hadi vitano kwa siku, kulala ni saa saba usiku sababu ya kazi. Rafiki yangu kasema mishipa ya fahamu inakufa, kanipa vidonge vya vitamini B. Nikaingia intaneti nikakutana na ugonjwa wa ALS, ule ambao neva zinazoamuru misuli zinakufa kidogo kidogo, tangu siku hiyo sina amani, kila saa naangalia mguu. Inawezekanaje msuli ucheze wakati mimi sijauamuru? Je, ninywe magneziamu? Niache mazoezi?"*

Pole sana ndugu yangu, hofu ya namna hii inachosha kuliko ugonjwa wenyewe. Kwenye maelezo yako yote kuna sentensi moja umeipitia haraka, na mimi ndo imenifanya nipumue: ngazi unapanda vizuri tu. Wewe macho yako yako kwenye kucheza kwa msuli, daktari wa neva (hiyo mishipa ya fahamu) macho yake yako kwenye nguvu ya msuli, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Msuli unaweza kucheza miezi na miezi na ukawa mzima, ila msuli unaopoteza nguvu wiki hadi wiki unatakiwa kuonwa hata kama hauchezi kabisa.

Nianze na swali lako la msingi maana ukilielewa hilo nusu ya hofu itaondoka yenyewe.

Kwanza ni kweli kwamba misuli hii iliyoshikana na mifupa haijiamulii. Kila nyuzi ya msuli inasubiri amri kutoka kwenye neva, na amri ile ya mwisho haitoki kwenye ubongo moja kwa moja, inatoka kwenye seli zilizopo ndani ya uti wa mgongo. Ubongo unaziambia hizo seli, zenyewe ndo zinauambia msuli. Seli zinazohudumia kigimbi chako ziko kwenye ncha ya chini ya ule uzi wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo, takriban usawa wa mbavu zako za mwisho, na kila seli imetoa mkia mrefu mwembamba unaosafiri kupitia nyonga, nyuma ya paja, mpaka kwenye kigimbi. Ni seli moja, lakini urefu wake unakaribia mita 1. Amri inasafiri humo kwa kasi kama ya mita 40 hadi 60 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka mgongoni mpaka kigimbini ni kama sehemu 2 za mia ya sekunde.

Ukifika kwenye msuli ule mkia unagawanyika matawi, na hapa naomba utulie kidogo kwasababu ndipo jibu la kile unachokiona lilipo. Kwenye misuli midogo inayogeuza jicho, neva moja inahudumia nyuzi chache sana, kama kumi hivi, maana pale tunahitaji usahihi. Kwenye kigimbi neva moja inahudumia nyuzi zaidi ya elfu moja, maana pale tunahitaji nguvu. Na neva ikishatoa amri, nyuzi zake zote zinajikunja kwa pamoja, hakuna nusu nusu. Kwahiyo neva MOJA tu ikijifyatua yenyewe pale kigimbini, nyuzi elfu na zaidi zinaruka kwa mara moja na wewe unaona ngozi inatikisika, unadhani mguu mzima una shida kumbe ni neva moja kati ya mamia, na zile nyingine zimetulia hazina habari.

Sasa kwanini ijifyatue? Neva ikiwa imepumzika, ndani yake kuna chaji hasi ukilinganisha na nje, kama milivolti 70 hivi chini ya sifuri. Sodiamu imejaa nje inataka kuingia, milango imefungwa. Kitu kikiisogeza ile chaji mpaka kama milivolti 55 chini ya sifuri, milango inafunguka kwa mkupuo, sodiamu inaingia, na amri inaondoka haiwezi kurudishwa. Yaani umbali kati ya neva iliyotulia na neva iliyofyatuka ni mdogo sana, milivolti 15 tu. Na yale matawi ya mwisho karibu na msuli ni mepesi kusisimka, ndo maana huku kucheza kusiko na madhara mara nyingi kunaanzia huko huko mwishoni na sio mgongoni. Uchovu wa msuli baada ya mazoezi unayasisimua. Adrenalini ya hofu inayasisimua. Kukosa usingizi na kahawa nyingi vivyo hivyo. Ukijiangalia wewe, una vyote vinne kwa wakati mmoja, na cha hofu umekiongeza mwenyewe ulipoanza kuuangalia mguu kila saa.

Kuhusu hili la "neva inakufa" aliloliongea rafiki yako. Neva iliyokufa haipeleki amri yoyote, ni kimya. Neva inayofyatuka ni neva hai, tena imechangamka kupita kiasi. Ni kweli kwamba kwenye ALS nako misuli inacheza, na sitaki nikufiche hilo, kwasababu seli zilizoanza kuugua zinafyatuka hovyo kabla ya kufa. Lakini kule msuli unapoteza zile nyuzi elfu elfu kwa kila seli inayokufa, kwa hiyo kucheza kunaenda pamoja na udhaifu na kukonda kwa msuli: mtu anajikwaa kwasababu unyayo haunyanyuki, anashindwa kugeuza ufunguo, ulimi unakuwa mzito. Kucheza peke yake, bila udhaifu, ni hadithi nyingine. Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani walichapisha matokeo ya watu 121 waliokuwa na misuli inayocheza bila dalili nyingine, waliofuatiliwa kwa muda wa miaka 2 hadi 32, na hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa huo. ALS yenyewe ni adimu, kwa nchi zilizohesabu vizuri ni kama watu 2 wapya kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wengi wao ni wa umri mkubwa kuliko wako.

Turudi kwenye msuli, maana kuna kitu cha usiku bado sijakijibu.

Neva haigusani na msuli. Kuna uwazi katikati, wa kama nanomita 50, yaani sehemu moja ya elfu ishirini ya milimita. Amri ikifika ukingoni neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, inavuka ule uwazi, inashika upande wa pili, msuli unasisimka. Henry Dale na wenzake Uingereza walilionyesha hili kwenye neva za misuli mwaka 1936, mwaka ule ule aliopata tuzo ya Nobel pamoja na Otto Loewi. Ikishafanya kazi, asetilikolini inakatwakatwa na kimeng'enya ndani ya milisekunde chache ili msuli usiendelee kupigwa amri moja mara mia. Hapo ndipo sumu nyingi za kuulia wadudu zinapogonga, zinakizuia kile kimeng'enya, na mtu aliyepuliza dawa bila kujikinga anaweza kuanza kucheza misuli mwili mzima huku anatokwa mate, machozi na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali dakika hiyo hiyo. Nakutajia kwasababu wewe hujasema kazi yako ni ipi.

Ndani ya nyuzi ya msuli, ule msisimko unafungua maghala ya kalsiamu. Kalsiamu inamwagika, inasogeza kizuizi kilichokuwa kimefunika nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini, na nyuzi nene za mayosini zina vichwa vidogo vidogo ambavyo sasa vinaidaka aktini, vinavuta, vinaachia, vinadaka mbele tena, kama watu wanaovuta kamba kwa kupokezana mikono. Hizi nyuzi za protini zenyewe hazifupiki, zinapishana tu, na msuli mzima ndo unafupika. Hili lilitolewa mwaka 1954 na makundi mawili kwa wakati mmoja, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande mwingine (hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu).

Kitu ambacho wagonjwa wangu wengi hawakitegemei ni kwamba nishati inahitajika pia KUACHIA. Kile kichwa cha mayosini kikishashika hakiachii mpaka kipate ATP mpya (kemikali inayobeba nishati ndani ya seli), na kalsiamu nayo hairudi ghalani mpaka isukumwe kwa ATP. Ndo maana maiti inakakamaa saa chache baada ya kufa: ATP imeisha, vichwa vimeshika, hakuna cha kuviachisha. Kwahiyo msuli uliolegea sio msuli unaosinzia tu, ni msuli uliofanya kazi ya kulegea.

Lakini, na hapa watu wanachanganya sana, msuli wako kukaza usiku sio kwamba ATP imeisha. Ukiweka sindano ya kupima umeme kwenye kigimbi kilichokaza unakuta neva zinapiga amri mfululizo kwa kasi kubwa. Yaani tatizo ni la amri, msuli wenyewe unatii tu. Na usiku ina sababu yake. Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyopima urefu wake, ukivutwa ghafla vinauambia uti wa mgongo "kaza", ndo kile daktari anachokipima akigonga goti lako na kinyundo. Na kwenye kano kuna vipokezi vingine vinavyopima mvutano, ukizidi vinasema "legeza". Ukilala, unyayo unaelekea chini, kigimbi kinakaa kikiwa kifupi na kano limelegea, sauti ya "legeza" inakuwa ndogo. Neva zilizochoka kwa mazoezi zikianza kufyatuka hapo hakuna wa kuzizuia. Hayo ndo maelezo ambayo wengi wetu tunayategemea, mjadala wake bado unaendelea, lakini tiba inayotokana nayo inafanya kazi na utaiona mwenyewe usiku huo huo.

Ikitokea tena usikurupuke kukanda kwanza. Nyoosha goti kabisa, halafu vuta unyayo na vidole kuelekea ugokoni kwa nguvu za mguu wenyewe, ukishindwa saidia na mkono au shuka lililopitishwa kwenye unyayo. Kule kuvuta kunaamsha ile sauti ya "legeza" kwenye kano. Na ukitumia misuli ya mbele ya ugoko kuunyanyua unyayo, uti wa mgongo unazizima neva za kigimbi, kwasababu umeumbwa hivyo, msuli wa mbele ukifanya kazi wa nyuma unaambiwa upishe. Shikilia mpaka kiachie, sekunde thelathini au dakika moja, usiachie mapema kitarudi. Kesho yake patakuwa na maumivu kidogo, ni kawaida.

Sasa vidonge.

Vitamini B za rafiki yako sikushauri. Upungufu wa B12 ni kitu cha kweli na unaharibu neva, lakini dalili zake za kawaida ni ganzi, kuchomachoma nyayoni na kuyumba, na unathibitishwa kwa kipimo cha damu. Wanaoangaliwa zaidi ni wasiokula nyama wala maziwa wala mayai, wenye matatizo ya tumbo, na wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, muda mrefu. Wewe hujasema una ganzi. Na ndani ya vidonge vingi vya "mishipa" kuna B6, ambayo ukiimeza kwa dozi kubwa kwa muda mrefu inaharibu neva za hisia, yaani dawa uliyoinywa kulinda neva ndo inazichoma. Soma kwenye boksi, na kama hakuna aliyekupima, viache.

Magneziamu: kama una upungufu kweli basi inasaidia, ila kwa mtu anayekula kawaida hautokei kirahisi. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu wazima wenye umri mkubwa haielekei kupunguza kubanwa misuli kwa kiwango cha maana. Ukitaka kuijaribu wiki chache sitakukatalia mradi figo zako ni nzima, itakachokufanyia zaidi labda ni kukuharisha. Kwinini, ambayo kuna watu wanaipendekeza kwa misuli inayobana usiku, hiyo usiiguse kwa ajili hii. Inapunguza kidogo kweli lakini inaweza kushusha chembe sahani za damu na kuvuruga mapigo ya moyo, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya waziwazi isitumike kwa kubanwa misuli.

Kalsiamu nayo watu wanaielewa kinyume. Wanadhani ikipungua kwenye damu msuli unakosa cha kujikunjia hivyo unalegea. Maghala ya ndani ya msuli yana yake ya kutosha. Kalsiamu ya damu ikishuka, ile milango ya sodiamu kwenye neva ndo inakuwa myepesi kufunguka, neva zinafyatuka, mikono inakakamaa vidole vimebanana, ganzi kuzunguka midomo. Na mtu anayehema haraka haraka kwa hofu anapata hali hiyo hiyo kwa muda, kwasababu kuhema kunabadilisha damu na kalsiamu iliyo huru inapungua. Nakwambia hili maana ukiendelea kusoma habari za ALS saa saba usiku, ganzi ya midomo inaweza kuja na utasema ndo dalili mpya.

Na msuli kukaza usiku sio kwasababu ya asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa msuli ukifanya kazi nzito, kama wengi wanavyodhani. Ile inasafishwa ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, haiwezi kukusubiri mpaka usiku wa manane.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kahawa ningeishusha polepole, kikombe kimoja kila siku mbili tatu, maana ukikata ghafla kichwa kitauma, na cha mwisho kisizidi mchana kwasababu kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu tu. Ningelala mapema zaidi, hata kwa muda wa saa moja. Kabla ya kulala ningenyoosha vigimbi na misuli ya nyuma ya paja, dakika chache tu: simama unatazama ukuta, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa chini, egemea mbele mpaka uhisi kuvuta. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2012, kwa watu wa zaidi ya miaka 55, ulionyesha wiki sita za hivi zilipunguza kubanwa usiku. Wewe ni kijana kwao lakini hakuna cha kupoteza. Kope nyingi zinatulia zenyewe ndani ya siku au wiki chache.

Na kujikagua kila saa kuache. Badala yake fanya kipimo cha maana mara moja leo, na tena baada ya mwezi. Shika ukuta kidogo kwa ajili ya kutoyumba, simama mguu mmoja, nyanyuka kwa vidole mara kumi, halafu mguu wa pili. Kisha tembea hatua chache kwa visigino, vidole vikiwa juu. Kama miguu yote miwili inafanya sawasawa, neva za kigimbi na za ugoko zinafanya kazi yake. Kigimbi ni msuli wenye nguvu sana, kitandani daktari anaweza kuukosa udhaifu wake mdogo, lakini kunyanyuka kwa mguu mmoja hakudanganyi.

Nenda kaonwe ana kwa ana kama kipimo hicho kinakushinda upande mmoja, kama msuli unakonda, kama unaanza kujikwaa au kuangusha vitu, kama kuna ganzi isiyoondoka, au kama kucheza kwa kope kumeshuka mpaka shavuni au kumezidi miezi mitatu. Vilevile kama kope zinaanguka na unaona vitu viwili viwili, hasa jioni ukichoka, hapo tunaangalia ile sehemu ya asetilikolini. Kama kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma muda wote, hilo huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa wa damu, nenda siku hiyo hiyo. Na usingoje kabisa kama udhaifu unapanda kutoka miguuni kwenda juu ndani ya siku chache, kama kumeza au kupumua kunakuwa kugumu, kama upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, kama taya inakaza haifunguki hasa baada ya kidonda (hiyo ni pepopunda, sumu yake inanyamazisha zile seli zinazosema "legeza"), au kama mgongo unauma na mkojo au choo hukizuii tena.

Hata bila dalili hizo, ukipata nafasi ya kumuona daktari wa kawaida sio vibaya. Atakupima nguvu na kukugonga na kinyundo, na anaweza kuagiza damu: potasiamu, kalsiamu, magneziamu, figo, tezi ya shingo, sukari. Mpelekee orodha ya kila unachomeza, maana dawa za kupunguza maji mwilini na zile za pumu za kupuliza zinaweza kuleta kubanwa na kucheza misuli. Akitaka kupima kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK mwambie unanyanyua vyuma, na pumzika mazoezi siku kadhaa kabla, la sivyo namba itatoka juu na mtaogopa wote wawili bure. Kipimo cha umeme wa misuli, EMG, kinachotumia sindano, kwa maelezo yako haya sioni sababu ya kukifanya sasa.

Mazoezi usiache. Wiki za mwanzo nguvu inayoongezeka sehemu kubwa ni neva zinazojifunza kuita nyuzi nyingi kwa pamoja, msuli wenyewe bado haujakua sana, na ukikatisha sasa unaukatisha mfumo huo huo unaouogopea. Punguza tu uzito na umbali kwa wiki mbili, halafu panda kidogo kidogo. Simama na uende hospitali iwapo baada ya zoezi zito misuli imevimba, inauma kupita kawaida na mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi au kola, hiyo ni nyuzi za misuli zimevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Maumivu ya kawaida ya siku ya pili na ya tatu baada ya vyuma ni mengine, hayo yanaisha yenyewe na unaweza kutembea nayo.